Kusoma Matairi ya Pikipiki Kubwa ya Safari Iliyotumika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na watu wanaokwenda kukagua pikipiki kubwa ya safari iliyokwisha kutumika, iwe ni BMW R 1200 RT iliyoshushwa bandarini Mombasa, Honda Gold Wing iliyoletwa na mtu aliyerudi kutoka ughaibuni, au Yamaha FJR1300 inayouzwa na mwendeshaji mwenzao. Baadhi ya majibu ni marefu, kwa sababu kuyafupisha kungemwacha mnunuzi na nusu ya habari, na nusu ya habari kuhusu matairi ni hatari.

Matairi hubadilishwa tu. Kwa nini niyakague kwa makini kabla ya kununua?

Kwanza, kwa sababu utayapanda kabla hujayabadilisha. Gold Wing yenye injini ya sentimita 1,800 za ujazo ina uzito unaozidi kilo 350 kabla ya abiria kupanda na kabla ya masanduku kujazwa, na R 1200 RT ya mwaka 2014 ina kilo 270 na ushei. Boda boda ya kawaida ina kilo 120 hivi. Uzito wote huo, pamoja na watu wawili na mizigo yao, unagusa lami kwa sehemu mbili ambazo kila moja haizidi sana upana wa kiganja cha mkono. Safari ya kuitoa pikipiki mahali ulipoinunua mpaka nyumbani inatosha kabisa kukuumiza.

Pili, na hili ndilo wanunuzi wengi hawalifikirii, tairi ni shahidi. Muuzaji anaweza kuosha injini, kupaka rangi masanduku na hata kuchezea odometa, lakini ni vigumu mno kubadili namna tairi lilivyolika. Umbo lake linaeleza kama shokapu bado zina nguvu, kama upepo ulikuwa ukiangaliwa, kama pikipiki ilibeba mizigo mizito kwenye barabara zilizonyooka, na kama kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi zinaelekea kuwa za kweli. Kwa hiyo yakague matairi hata kama umekwisha kuamua kuyatupa.

Umri wa tairi unasomwa wapi?

Tafuta ubavuni neno DOT likifuatiwa na herufi na tarakimu. Mwishoni mwa mfululizo huo kuna tarakimu nne, mara nyingi zikiwa ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 1817 maana yake ni wiki ya 18 ya mwaka 2017. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halina tena la kujadiliwa.

Tarakimu hizo zinaweza kuwa upande mmoja tu, na kwenye pikipiki ya safari upande huo huenda umefichwa na masanduku, bomba la moshi au diski za breki. Chukua tochi, chuchumaa, zungusha gurudumu polepole huku pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, kisha uhamie upande wa pili. Soma tairi la mbele na la nyuma kila moja peke yake, kwa sababu la nyuma huisha mapema na hubadilishwa mara nyingi zaidi, na ni jambo la kawaida kukuta la nyuma lina mwaka mmoja na la mbele lina minane.

Linganisha tarehe hizo na odometa. Pikipiki ya mwaka 2015 inayosoma kilomita 9,000 na yenye matairi ya mwaka 2015 inasema kitu kimoja kwa midomo miwili: imetembea kidogo, na matairi yake ni mazee. Lakini pikipiki hiyo hiyo ikiwa na tairi la mbele la mwaka 2019 lililokaribia kuwa kipara, kuna jambo haliendi sawa, kwa maana tairi la kwanza lilikwenda wapi, na la pili limelikaje ndani ya kilomita 9,000? Muulize mwenye pikipiki kwa upole. Huenda lipo jibu la haki, kama vile tairi kuchanika ubavu na la pili kuwekwa likiwa limekwisha kutumika, lakini jibu lisipokuwepo, usiendelee kuiamini odometa.

Tairi lenye kashata nyingi lakini la zamani lina ubaya gani?

Ninalijibu swali hili kwa kisa changu mwenyewe. R 1200 RT yangu ya kwanza niliinunua mwaka 2017 kwa dalali mmoja wa pwani. Kashata za nyuma, yaani uso wa raba wenye mifereji unaogusa lami, zilikuwa na kina cha zaidi ya milimita 4, matairi yaking'aa kwa dawa ya kung'arishia, na mimi nikaridhika. Karibu na Voi mvua nyepesi ilianza, ile ya kwanza inayochanganyika na mafuta ya malori. Nilipoachia mafuta kidogo kuingia kwenye mzunguko wa barabara, gurudumu la nyuma liliteleza kando kwa upole kabisa, kama sabuni kwenye sinia, kisha likarudi. Sikuanguka. Nilisimama, nikafuta ubavu kwa kitambaa, nikasoma 3108. Tairi lilikuwa na miaka tisa.

Raba huzeeka hata ikikaa tu. Hewa ya oksijeni na joto huifanya iwe ngumu, na ozoni huipasua juu juu. Watengenezaji huchanganya ndani yake nta na kemikali za kuikinga, ambazo hutoka taratibu hadi kwenye uso wa tairi kadiri tairi linavyojipinda barabarani. Ndiyo maana pikipiki iliyoegeshwa miaka mitatu inaweza kuwa na nyufa nyingi kuliko iliyotembea kila wiki. Tairi lililokuwa gumu halishiki vijipengele vya lami iliyolowa, na kina cha kashata hakiwezi kulisaidia kwa hilo.

Bonyeza ukucha wa kidole gumba katikati ya kashata, halafu kwenye bega la tairi. Raba yenye uhai hukubali kidogo na kurudi taratibu, ilhali iliyokufa hukujibu kama ubao. Kisha pinda macho ndani ya mifereji, si juu yake, kwa kuwa nyufa huanzia chini ya mifereji na mahali ubavu unapokutana na kashata. Kama tairi limepakwa dawa ya kung'arisha, lifute kwanza. Dawa hiyo huficha nyufa, na ikifika kwenye kashata ni utelezi mtupu.

Basi umri gani ni mwingi mno?

Ushauri wa Michelin ni kwamba tairi likishatimiza miaka mitano ya matumizi likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na kwamba libadilishwe likifika miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama linaonekana zima. Huo ni ukomo wa mwisho, wala si lengo la kulifikia. Kwa pikipiki nzito inayobeba abiria, na hasa iliyokaa kwenye jua la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mimi huanza kupanga fedha za matairi mapya yakifika miaka mitano, na sipandi tena kwenye mvua tairi lililopita miaka saba.

Kina cha kashata kipimwe vipi, na kiwango cha chini ni kipi?

Mifereji ya kashata ina vituta vidogo ndani yake. Tafuta herufi TWI, pembetatu ndogo au nembo ya mtengenezaji juu ya ubavu. Ukifuata alama hiyo kwenda kwenye mfereji utakikuta kituta. Kwenye matairi mengi ya pikipiki kituta hicho kina urefu wa milimita 0.8. Uso wa tairi ukilingana nacho, tairi limekwisha.

Sheria hutofautiana. Uingereza hudai angalau milimita 1 katika robo tatu ya upana wa kashata kwa pikipiki kubwa, na Ujerumani hudai milimita 1.6. Kwa hiyo tairi linaloweza kupita ukaguzi Birmingham lingekataliwa Munich, jambo linaloonyesha kwamba kiwango cha sheria ni makubaliano ya watu na si mpaka wa usalama. Kazi ya mifereji ni kutoa maji chini ya tairi. Kina kikishuka chini ya milimita 2, maji mengi ya masika kwenye barabara iliyobonyea yatalishinda tairi kwa mwendo ambao zamani lilikuwa likiumudu.

Nunua kipimo kidogo cha kina cha kashata; ni kitu cha bei ndogo na hukaa mfukoni. Pima katikati na kwenye mabega yote mawili, na urudie mahali patatu tofauti kuzunguka gurudumu. Andika tarakimu zote. Tofauti kubwa kati ya mahali na mahali kwenye mstari ule ule ni dalili kwamba tairi liliwahi kufunga breki kwa kuburuzwa, au pikipiki ilisimama muda mrefu mahali pamoja.

Nitajuaje zimebaki kilomita ngapi?

Ukijua tairi limetembea kiasi gani tangu lifungwe, hesabu ni nyepesi. Matairi ya pikipiki za safari za kasi yakiwa mapya huwa na milimita 4 hadi 5 mbele na 6 hadi 7 nyuma. Tuseme la nyuma lilianza na 6.5, sasa lina 3.5, na risiti ya gereji inaonyesha lilifungwa kilomita 8,000 zilizopita. Milimita 3 zimeliwa kwa kilomita 8,000. Kutoka 3.5 hadi 2, ambapo mimi ningelitoa, ni milimita 1.5, sawa na kilomita 4,000 hivi kwa mwendo na mzigo ule ule. Hiyo ni safari moja ya kwenda na kurudi Dar es Salaam hadi Mbeya, na nyongeza ya miezi michache ya mjini.

Kama hakuna risiti, chukua makadirio haya: kwenye pikipiki za aina hii tairi la nyuma mara nyingi hufika kilomita 10,000 hadi 16,000, na la mbele huenda mbali zaidi kidogo. Mzigo, upepo mdogo, lami yenye kokoto kali na mkono mzito kwenye mafuta vinaweza kuipunguza idadi hiyo hadi nusu. Mtu akikuambia tairi lake la nyuma lina kilomita 30,000 na bado ni zuri, ama amekosea hesabu ama raba ni ngumu kupita kiasi.

Katikati ya tairi la nyuma pamekuwa bapa. Ni tatizo?

Ndiyo, na kwa maoni yangu ni tatizo linalodharauliwa kuliko yote.

Tairi la pikipiki limetengenezwa kwa umbo la duara ili pikipiki ilale kona kwa mteremko mmoja usiokatika. Matairi mengi ya safari ya siku hizi yana raba ngumu katikati, kwa ajili ya kudumu, na raba laini mabegani, kwa ajili ya kushika kona. Hata hivyo, ukiendesha Nairobi hadi Mombasa, au Morogoro hadi Dodoma, ukiwa umejaza masanduku na umebeba mwenzako, asilimia kubwa ya safari hiyo pikipiki imesimama wima, na ni katikati tu panapolika. Baada ya kilomita elfu kadhaa katikati panakuwa bapa kama sakafu, na pande zote mbili hubaki na kona iliyochongoka, kama ukingo wa ngazi.

Ukiwa juu yake utahisi hivi: pikipiki inakataa kulala, unasukuma usukani zaidi, halafu inapopita ule ukingo inaanguka ghafla ndani ya kona kuliko ulivyotaka. Katikati ya kona unalazimika kurekebisha. Mtu asiye na mazoea hudhani pikipiki ni nzito au fremu imepinda, kumbe ni umbo la tairi. Kwenye barabara ambazo malori yamechimba mikondo ya magurudumu katika lami, tairi bapa huufuata ukingo wa mkondo na kuivuta pikipiki kando, jambo la kutisha unapolipita lori.

Ili kulitambua, simama nyuma ya pikipiki hatua tatu, chuchumaa macho yalingane na ekseli, na utazame ukingo wa juu wa tairi dhidi ya mwanga. Au lazia rula ndogo katikati: kwenye tairi zima itagusa sehemu nyembamba na kuyumba huku na huku, na kwenye tairi bapa italala kimya kwa upana wa vidole vitatu au vinne. Kina cha mabegani kikiwa karibu na cha tairi jipya na cha katikati kikiwa milimita 2, muuzaji atakuonyesha mabega. Wewe nunua katikati.

Nikipapasa tairi la mbele nasikia meno kama ya msumeno. Yametoka wapi?

Pitisha kiganja taratibu juu ya kashata kuelekea mbele, kisha kurudi nyuma. Upande mmoja kitapita laini, na upande wa pili kitakwaruzwa na kingo. Kiasi kidogo cha hali hiyo ni cha kawaida kwa tairi la mbele, kwa sababu breki hulisukuma kila tofali la raba upande uleule siku zote, na makali yake huliwa upande mmoja.

Tatizo huanza pale meno yanapokuwa mashimo, yaani mawimbi yanayoonekana kwa macho, na pikipiki inapoanza kunguruma kama beringi iliyokufa ukishuka kutoka kilomita 80 hadi 50 kwa saa. Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni upepo mdogo. Cha pili ni shokapu za mbele zilizochoka au zenye mafuta ya zamani, ambazo huliacha gurudumu lidunde badala ya kuligandamiza. Cha tatu ni beringi za usukani. Nyanyua mbele, shika miguu ya uma wa mbele kwa chini, ivute na kuisukuma. Ukisikia mgongano mdogo, beringi zimelegea. Hapo jadili gharama za shokapu na beringi, si za tairi peke yake, kwa sababu tairi jipya likifungwa kwenye ugonjwa ule ule litaharibika vile vile.

Upande mmoja umelika kuliko mwingine. Fremu imepinda?

Mara nyingi hapana. Katika nchi zinazoendesha kushoto, kama Kenya, Tanzania, Uganda, Uingereza na Japani, kona ya kulia ni ndefu zaidi kwa sababu unaipita upande wa nje, na barabara yenyewe imeinuka katikati ili maji yatoke. Kwa hiyo bega la kulia la tairi la mbele huelekea kulika kuliko la kushoto. Katika nchi zinazoendesha kulia, kama Kongo, Rwanda, Burundi na Ujerumani, hali hugeuka.

Hapa shahidi wetu anasema tena. Ukiambiwa pikipiki imetumika Uingereza tu, nawe ukakuta bega la kushoto limelika waziwazi, uliza zaidi: je, sanduku zito lilikuwa likifungwa upande mmoja, au gurudumu la nyuma halijanyooka na la mbele? Tofauti ndogo ipuuze. Tofauti ya milimita 1 au zaidi nenda nayo kwa fundi apime mstari wa magurudumu.

Ukanda wa pembeni kabisa ambao haujaguswa na lami si kasoro. Unaonyesha tu kwamba mwenyewe hakuwa akilala sana kona.

Upepo una uhusiano gani na yote haya?

Mkubwa kuliko kitu kingine chochote kilicho mikononi mwako. Fuata kibandiko cha pikipiki au kitabu chake, si namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ambayo ni kiwango cha juu cha tairi lenyewe. Kwa R 1200 RT BMW hutaja bar 2.5 mbele na 2.9 nyuma, yaani takriban psi 36 na 42. Mafundi pancha wengi wa kando ya barabara wamezoea boda boda, na wakiachwa wenyewe watakupigia upepo wa boda boda. Waambie namba, na upime kwa geji yako mwenyewe.

Upime tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya kutoka. Kuna jambo moja linalowachanganya wengi kwenye BMW zenye vipima upepo vya ndani ya gurudumu: dashibodi yake huonyesha namba iliyorekebishwa kana kwamba hewa iko kwenye nyuzi joto 20. Ukijaza bar 2.9 Dar es Salaam asubuhi yenye nyuzi 32, dashibodi itakuonyesha takriban 2.75. Si kwamba geji ni mbovu wala kwamba tairi linavuja.

Tairi lililoendeshwa muda mrefu na upepo mdogo hulika mabegani kuliko katikati, hupata meno mbele, na ubavu wake huwa na mstari uliosuguliwa kuzunguka gurudumu. Mstari huo ukiuona, usilinunue tairi hilo kwa thamani yoyote, kwa sababu nyuzi za ndani zilikwisha kupikwa kwa joto.

Tairi lililozibwa pancha linafaa?

Inategemea tundu liko wapi na limezibwa vipi. Tundu dogo la msumari katikati ya kashata, lililozibwa kutoka ndani kwa kiraka chenye umbo la uyoga baada ya tairi kuvuliwa na kukaguliwa, linaweza kuendelea kwa mwendo wa kiasi. Kamba ya gundi iliyosukumwa kutoka nje ni ya kukufikisha mjini. Tundu la begani au ubavuni halizibwi. Tatizo la mnunuzi ni kwamba kutoka nje huoni kilichofanyika ndani, na mimi kwa pikipiki ya kubeba abiria hulihesabu tairi lenye pancha kuwa limekwisha.

Usisahau valvu. Shina la valvu la raba huzeeka pamoja na tairi. Lipinde kwa kidole, na likionyesha nyufa chini, libadilishwe. Magurudumu ya spoki yanayotumia tyubu nayo yapate tyubu mpya.

Nitajuaje kama tairi lililofungwa ni la pikipiki hii?

Soma ubavu. FJR1300, kwa mfano, hutumia 120/70 ZR17 mbele na 180/55 ZR17 nyuma. Baada ya vipimo hivyo kuna namba na herufi kama 73W. Namba 73 ni uwezo wa kubeba kilo 365, na W ni mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. Namba 58 ya mbele ni kilo 236. Namba ndogo kuliko iliyotajwa na mtengenezaji wa pikipiki maana yake ni tairi lisilomudu mzigo, hata kama limekaa sawa kwenye rimu. Angalia pia mshale wa mwelekeo wa mzunguko, kwa maana nimewahi kukuta tairi la mbele limefungwa kinyume.

Kuna wenye Gold Wing huko Marekani wanaofunga tairi la gari dogo nyuma kwa sababu hudumu zaidi. Sikushauri. Tairi la gari limechongwa bapa tangu kiwandani, na ukingo wake unaokaa kwenye rimu haukutengenezwa kwa rimu ya pikipiki. Na ukikuta mifereji yenye kingo chakavu, kina kisicho sawa, na vituta vya TWI vimekatwa, ujue kashata zimechongwa upya kwa kisu cha moto. Ondoka.

Nanunua kwa picha kutoka nje. Niombe nini?

Omba picha nne zilizopigwa kwa karibu mchana: tarehe ya DOT ya kila tairi, na kila tairi likitazamwa kutoka nyuma kwa usawa wa ekseli ili umbo lionekane. Picha ya pembeni yenye kivuli kizuri haikusaidii chochote.

Kama pikipiki inatoka Uingereza, tumia namba yake ya usajili kutazama bure historia ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa vyombo vya barabarani wa huko, kwenye tovuti ya serikali. Utaona kilomita au maili za kila ukaguzi na maoni ya mkaguzi, yakiwemo ya tairi kukaribia ukomo wa sheria. Pikipiki iliyopewa onyo la tairi la nyuma mwaka juzi, na leo bado ina tairi lenye tarehe ya zamani kuliko onyo hilo, imekwisha kujieleza.

Nikikuta matairi yamekwisha, nivunje biashara?

La. Pikipiki nzuri yenye matairi mabovu ni bora kuliko pikipiki mbovu yenye matairi mapya yaliyofungwa jana ili kuficha historia. Uliza bei ya jozi nzima pamoja na kufunga na kubalansi, kabla hujaenda kuonana na muuzaji, kwa kuwa saizi hizi si za kila duka na huenda zikaagizwa. Mwonyeshe tarehe, mwonyeshe rula, mtajie bei, mkubaliane. Kama tairi moja limekwisha na la pili lina miaka sita, hesabu jozi.

Na kama matairi hayafai kabisa, pakia pikipiki kwenye pikapu uipeleke gereji. Usimwambie mtu yeyote aiendeshe polepole tu.

Nimefunga matairi mapya. Kuna la kuangalia?

Uso wa tairi jipya ni laini na haujashika. Kilomita 150 hadi 200 za mwanzo zisiwe na breki kali wala kulala kona sana. Ongeza taratibu ili mabega nayo yapate kusuguliwa. Pima upepo asubuhi inayofuata, kisha andika kilomita za odometa pamoja na kina cha kashata kwenye karatasi uiweke chini ya siti, na upime tena kila kilomita 2,000.